Bweni la Mzee Saruji

Asubuhi ya Jumatatu Bi Itifaki alikuwa akipiga pasi pazia jekundu la kufunikia mawe ya msingi. Lilikuwa pazia moja kwa chuo kizima, la mahameli, na kwa vile lilikwishafunika mawe mengi lilikuwa limepauka pale katikati, ambapo mikono ya wageni rasmi ilizoea kulishika. Alilipiga pasi kwa upande wa ndani, juu yake ametandika kitambaa chenye unyevu, maana mahameli ikipigwa pasi kavu hung'aa vibaya na kwenye picha huonekana kama imemwagikiwa mafuta. Alipomaliza aliipaka nta ile kamba ya kuvutia. Mwaka uliotangulia kamba ilikwama mbele ya mgeni rasmi, mgeni akavuta, akavuta tena, pazia likaja pamoja na fremu yake, na Mkuu wa Chuo akacheka kicheko ambacho hakuna mfanyakazi aliyetamani kukisikia tena.

Jina la Bi Itifaki alipewa na wanafunzi. Alikuwa mtu wa itifaki katika Ofisi ya Ufadhili na Majengo, na kazi yake ilikuwa kujua nani akae wapi, nani ashike kipaza sauti baada ya nani, na nani asiwekwe jirani na nani hata kama viti vingine vimekwisha. Alikuwa na sauti nzuri, nzito kidogo, na uso ambao watu waliuamini. Mkurugenzi wa ofisi alipenda kusema kwamba uso ule ni mali ya chuo, na wakati huo Bi Itifaki alidhani anasifiwa.

Chuo kilikuwa na mawe ya msingi mengi kuliko majengo. Maktaba mpya ilikuwa jiwe. Maabara ya kisasa ilikuwa jiwe. Ukumbi wa mihadhara ulikuwa jiwe, tena la marumaru, lenye herufi za dhahabu. Wageni rasmi walikuja, wakaahidi, wakavuta kamba, wakala chakula cha mchana, wakaondoka na misafara yao. Nyasi ziliota kuzunguka mawe, na mtunza bustani akazifyeka polepole asije akakwaruza majina ya watu.

Majengo ya zamani yenyewe hayakuwa na wa kuyasemea. Bweni la wasichana lilikuwa limefungwa kwa kufuli likisubiri ukarabati, kwa sababu ukuta wa upande wa mabafu ulikuwa na ufa wa kupitisha mkono. Kila mfadhili alionyeshwa ule ufa. Kila mfadhili alitikisa kichwa kwa huzuni, kisha akauliza, kwa adabu zote, kama jengo tayari lina jina la mtu mwingine, lake litakaa wapi. Swali lilikuwa gumu. Hakuna anayetaka kukumbukwa na vizazi kwa mabomba ya maji machafu.

Ndipo mfanyabiashara mmoja wa saruji, aliyejulikana mjini kote kwa jina la Mzee Saruji, aliposimama kwenye hafla ya kuchangisha fedha akaahidi bweni jipya kabisa, ghorofa tatu juu ya ile ya chini. Makofi yalipigwa mpaka vijiko vikalia kwenye visahani. Jiwe likawekwa, pazia likavutwa, na wiki iliyofuata wasichana wakahamia.

Hakukuwa na ukuta wala nguzo. Kulikuwa na jiwe, na nyuma ya jiwe kulikuwa na nyasi. Lakini msichana wa kwanza, ambaye alikuwa akilala kwenye korido ya kitivo cha sheria, alipita kando ya jiwe akiwa na godoro kichwani, akainua mguu, akapata ngazi. Akapanda. Wenzake wakamfuata na masanduku. Kabla jua halijazama vitanda vilikuwa vimepangwa hewani, ghorofa juu ya ghorofa, na mtu aliyesimama chini aliweza kuona nyayo za kandambili zikienda na kurudi juu ya kichwa chake. Mvua haikuingia humo. Waliotaka faragha walifunga mashuka kwenye kamba. Idara ya Majengo ilileta mitungi ya kuzimia moto, ikakosa ukuta wa kuitundikia, ikaipanga sakafuni. Mhasibu alitoza nusu ya ada ya malazi kwa vile hapakuwa na madirisha, kisha akaelekezwa atoze ada kamili kwa vile mandhari yalikuwa mazuri.

Mhandisi wa chuo alilieleza jambo hilo kikaoni, kati ya ajenda ya mapipa ya taka na ajenda ya maegesho ya magari. Alisema jengo la ahadi humbeba yule anayeiamini ahadi. Mjumbe mmoja akauliza kama kuna kikomo cha uzito. Mhandisi akajibu kwamba ahadi yenyewe ni kubwa, hivyo haoni tatizo. Wajumbe wakaandika hivyo, wakaingia kwenye maegesho, na hapo ndipo walipogombana.

Bi Itifaki alifurahi kama wenzake, na zaidi, kwa sababu kwenye ghorofa ya tatu alikaa mtoto wa marehemu kaka yake. Msichana huyo alisomea famasia. Nyumbani walimwita Mfamasia tangu akiwa mdogo, alipokuwa akiwanywesha wanasesere maji ya chumvi na kuwaambia watapona kesho. Kaka mtu alipofariki, Bi Itifaki alimchukua akamlea kama wa kumzaa, akamlipia shule, akamsuka nywele, akamgombeza, na hakuwahi kumdanganya hata siku alipomwambia baba yake hatarudi kutoka hospitalini. Msichana alikuwa amemuuliza uso kwa uso, naye akamjibu uso kwa uso. Tangu siku ile Mfamasia hakuwa na haja ya kuuliza watu wawili jambo moja.

Kila Ijumaa Bi Itifaki alipanda ngazi zile zisizoonekana akiwa na mfuko wa chakula, akapumzika ghorofa ya pili kwa sababu ya mapafu, akamalizia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akatazama paa za chuo chini yake, akauliza kwa nini nguo chafu zimerundikwa pale kama dukani kwa mitumba. Wasichana wa vitanda vya jirani walimwita shangazi wote, na walijua kwamba mfuko wake huwa umepakiwa kwa kuwafikiria na wao.

Sasa hafla nyingine ilikuwa inakaribia, kubwa kuliko zote, ya majengo mapya na ukarabati wa yale ya zamani kwa pamoja. Mkurugenzi alimkabidhi Bi Itifaki kadi ya mwaliko yenye ukingo wa dhahabu, akamtuma aipeleke kwa Mzee Saruji mkono kwa mkono. Mtu kama yule, alisema, hatumiwi kadi kwa tarishi.

Ofisi ya Mzee Saruji ilikuwa nyuma ya ghala lake. Kila kitu humo kilikuwa na vumbi la kijivu, hata kalenda, hata miwani yake. Alikuwa mzee mpole, mwenye kuvuta maneno, na alimpokea mgeni wake vizuri. Akaagiza chai. Akaisoma kadi akiwa ameiweka mbali na macho. Bi Itifaki akasema yale aliyofundishwa kuyasema, kwamba chuo kinamshukuru, kwamba wasichana wanamwombea dua, na kisha, kwa kuwa chai ilikuwa tamu na mzee alikuwa msikivu, akaongeza lake mwenyewe. Akasema hata mtoto wake analala humo.

Mzee Saruji aliweka kikombe chini.

"Analala wapi?"

"Kwenye bweni lako, mzee. Ghorofa ya tatu."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, ikazidi kuwa chafu. Kisha akasema, bila haraka, "Mwanangu, mimi sikutoa kitu. Niliombwa niahidi."

Alieleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Mkurugenzi na Mkuu wa Chuo walimfuata kabla ya ile hafla, wakakaa kwenye viti vile vile, wakamwambia ataje kitu kikubwa ili wengine waone haya kutaja kidogo. Wakamhakikishia hatadaiwa. Yeye angepata jina lake kwenye jiwe, nao wangepata mwanzo mzuri. Aliona ni msaada mdogo tu wa mdomo, akautoa. Alidhani ofisi nzima inajua. Alipomaliza, alimwongezea Bi Itifaki sukari kwenye chai.

Bi Itifaki alishtuka. Alikuwa ameona mabinti wa watu wakipiga mswaki hewani na hakushtuka, alikuwa amekunja shuka juu ya kitanda kisicho na sakafu na hakushtuka, lakini hili lilimkata maini. Aliinuka bila kuaga, yeye ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha wengine namna ya kuaga, akatoka, akasahau mkoba, akaurudia, akatoka tena.

Alikwenda moja kwa moja bwenini. Alipita kando ya jiwe, akainua mguu wa kulia pale alipouinua kila Ijumaa, na mguu ukarudi chini ukakanyaga nyasi. Akainua tena. Nyasi. Alizunguka upande wa pili kama kwamba ngazi zingeweza kuwa zimehamia huko. Wasichana wawili waliotoka darasani walimpita, wakamwamkia, wakapanda hewani wakibishana juu ya chaja ya simu. Mmoja aligeuka akamuuliza shangazi, mbona hupandi. Bi Itifaki akasema anatafuta kitu alichodondosha.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba hakuwahi kumwona Mkurugenzi akipanda ngazi zile. Wala Mkuu wa Chuo. Walikagua bweni mara nyingi, na wageni, na wapiga picha. Siku zote walilikagua wakiwa wamesimama kwenye nyasi, mikono nyuma.

Alimpigia Mfamasia simu ateremke. Binti akaja, ana penseli kwenye nywele, na shangazi yake akamwambia afungashe, warudi nyumbani. Mfamasia alicheka. Nyumbani ni mbali, alisema, mafunzo ya maabara yanaanza alfajiri, na huku juu kuna upepo safi wa kusomea. Akauliza kama shangazi anaumwa. Bi Itifaki alifungua mdomo. Juu ya vichwa vyao, msichana wa uuguzi aliyetoka zamu ya usiku alikuwa amelala kifudifudi, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda. Siku zote kulikuwa na mtu aliyelala kule juu. Akimwambia mmoja hapa chini, huyo mmoja atapiga simu, na simu italia ghorofa ya tatu. Bi Itifaki alifunga mdomo, akasema amechoka tu.

Kesho yake Mkurugenzi alimwita. Dirisha la ofisi yake lilitazama bweni, na alikuwa amemwona akizunguka kwenye nyasi akiinua mguu. Hakukasirika. Alifunga mlango, akamkaribisha kiti, akampa peremende ya mnanaa kutoka kwenye bakuli la wageni.

"Pole," alisema. "Inauma mwanzoni. Mimi mwenyewe nilikaa mwezi mzima nikipita mbali na pale."

Bi Itifaki aliuliza kuhusu wale waliotaja ahadi zao baada ya Mzee Saruji, wale walioona haya. Mkurugenzi alisema nao waliombwa. Wote? Karibu wote. Waliotoa kweli walikuwa wafanyakazi wa chuo, wafagizi na makarani na wapishi, waliokatwa kidogo kidogo kwenye mishahara, na michango hiyo ndiyo iliyolipia mahema, maua na chakula cha wageni. Bi Itifaki alikuwa mmoja wa waliokatwa. Alikumbuka kwamba siku ile chakula kilibaki, kikamwagwa.

Alimwomba afungue bweni la zamani, hivyo hivyo na ufa wake, wasichana wahamie huko kimya kimya. Ufa ni kitu kinachoonekana, alisema, mtu anaweza kulaza kitanda mbali nao. Mkurugenzi alisema haiwezekani, bweni la zamani linasubiri ukarabati, na ukarabati haujaahidiwa na mtu. Alisema kwa masikitiko ya kweli. Alikuwa mtu anayesikitika vizuri.

"Na wakianguka?" Bi Itifaki aliuliza.

"Wataangukaje, na hawajui? Binti yangu pia yumo." Akatazama dirishani. "Nilimwombea ghorofa ya kwanza."

Bi Itifaki alimtazama. Alikuwa amefanya kazi na mtu huyu miaka mingi, amemfunga tai, amemletea dawa ya tumbo kabla ya hotuba. Alikuwa amedhani anamjua. Mkurugenzi akaongeza kwamba Mkuu wa Chuo hana wasiwasi, wa kwake wanasoma nchi nyingine, kwenye majengo ya matofali.

Aliporudi mezani kwake alikuwa na mpango, na hakumwambia mtu. Siku ya hafla wanafunzi wote waliamriwa kuwepo uwanjani kujaza viti. Majina yaliitwa, na asiyekuwepo alipoteza alama. Hiyo ndiyo ilikuwa siku pekee ambayo kila msichana, hata wa uuguzi, angekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na miguu yake ikiwa kwenye udongo. Na siku hiyo kipaza sauti kingekuwa mkononi mwake. Angewakaribisha wageni, angetaja vyeo vyao bila kukosea, kisha angesema. Wangeudhika, wangelia, wangekosa pa kulala, lakini wangekuwa chini. Ajira yake ingekuwa imekwisha. Alifikiria kodi ya nyumba kidogo, akaiacha.

Siku ya hafla kulikuwa na jua zuri. Mahema meupe yalifungwa mbele ya bweni ili wageni walione. Bi Itifaki alikuwa amevaa gauni la buluu la kazi. Wageni walikaa walipopangiwa. Wanafunzi walijaa nyuma, majina yakaitwa, na yeye akawa akitafuta kichwa chenye penseli kati ya vichwa, asikione. Ndipo Mkurugenzi alipomjia na ratiba iliyobadilishwa.

Alisema ni jambo dogo. Wageni wanapenda kuona jengo likitumika, kwa hiyo wasichana wa ghorofa ya tatu watabaki juu, wajipange kwenye ukingo wa mbele, wapunge vitambaa vyeupe kila ahadi inapotolewa. Wameshafundishwa. Alisema hayo akimtazama vizuri machoni, na Bi Itifaki akaelewa kwamba mpango wake ulikuwa umesomwa kwenye ule uso wa kuaminika.

"Wateremshe," alisema. "Nakuomba. Nitasoma ratiba yote kama ilivyo."

"Najua utasoma," Mkurugenzi alisema, akaenda kumpokea Mkuu wa Chuo.

Bi Itifaki aliinua macho. Walikuwa wamejipanga kwenye ukingo, wamevaa blauzi nyeupe, wamependeza, wanasukumana na kucheka, na chini yao hakukuwa na kitu mpaka kwenye nyasi. Mfamasia alikuwa karibu na katikati. Alipoona shangazi yake anatazama alipunga kitambaa kabla ya wakati, na msimamizi wao akamkaripia.

Alisoma ratiba. Alitaja vyeo. Sauti yake ilitoka salama, jambo lililomtia hofu zaidi. Mkuu wa Chuo alizungumza juu ya kesho ya taifa. Mchoro wa majengo mapya ulifunuliwa, wenye miti iliyopakwa rangi. Kisha Bi Itifaki akasoma jina la Mzee Saruji, na mzee akasimama polepole, vumbi likiwa bado kwenye mikunjo ya koti lake, akashika kipaza sauti cha meza ya mbele. Hakumtazama Bi Itifaki. Alisema amefurahi kuona bweni lake linatumika, na kwamba leo, mbele ya watu wote, anaongeza ghorofa ya nne.

Mahema yalilipuka kwa makofi. Juu, vitambaa vyeupe vilipeperuka.

Kwenye safu ya pili alikaa mhadhiri mstaafu, mtu ambaye masikio yake yalikuwa yamepungua nguvu na ambaye hivyo hakujua tena kunong'ona. Bi Itifaki alikuwa amemweka mbali na vipaza sauti kwa miaka yote. Siku hiyo, katika kuhangaika kwake, alikuwa amemweka moja kwa moja nyuma ya kile cha meza ya mbele. Makofi yalipokuwa yakipungua, mstaafu alimwinamia jirani yake.

"Huyu hata zile tatu hajatoa," alisema, na spika zote za uwanja zikasema naye.

Vitambaa vikasimama. Watu wa chini walitazama juu, kwa sababu huko ndiko palipokuwa na kitu cha kutazama. Msichana mmoja wa pembeni alizama mpaka goti. Miguu yake ilitokea chini ya sakafu isiyokuwepo, ikining'inia, kiatu kimoja kikatoka kikaanguka kwenye nyasi mbele ya jiwe. Mwenzake akamshika kwapani, naye akaanza kuzama. Hakuna aliyepiga kelele. Katika safu ya mbele mke wa mgeni mmoja alijifunika mdomo kwa ratiba. Mkurugenzi alikuwa akitazama ghorofa ya kwanza, ambako hakukuwa na mtu.

Mguu wa kushoto wa Mfamasia ulizama mpaka kwenye kifundo. Yeye hakuutazama. Hakumtazama Mzee Saruji wala Mkuu wa Chuo. Alitazama moja kwa moja kwenye jukwaa dogo la pembeni, akamtafuta shangazi yake, na akamuuliza kwa macho, kama alivyomuuliza siku ile ya hospitali.

Bi Itifaki alitabasamu.

Lilikuwa tabasamu zuri, la kutoka ndani, la mtu asiye na shaka hata chembe. Aliweka kipaza sauti chini ya kwapa, mikono ikabaki huru, akapiga makofi. Alipiga peke yake, kofi, kofi, kofi, na kila kofi lilimuuma kana kwamba anajipiga usoni. Kisha akakirudisha kipaza sauti mdomoni na kusema, kwa ile sauti nzito ambayo watu waliipenda, kwamba mzee wetu amezoea kutaniwa na rafiki zake, na kwamba chuo kinamjua na kinamwamini, na tumpigie makofi ya nguvu, ya nguvu zaidi, yafike kule juu.

Watu wakapiga. Walipiga kwanza kwa woga, kisha kwa nguvu, wakasimama, wakapiga juu ya vichwa. Mhadhiri mstaafu naye alipiga, machozi yakimtoka, maana macho yake yalikuwa mazima. Mguu wa Mfamasia ukapanda taratibu, ukakanyaga. Wale wawili wa pembeni wakavutwa juu, wakakaa, wakacheka kama watu walionusurika kuteleza bafuni. Vitambaa vikaanza tena. Na juu ya vichwa vyao njiwa aliyekuwa akipita alisimama hewani, akakunja mabawa, akaanza kutembea, kwa sababu ghorofa ya nne ilikuwa imekwishakamilika.

Baada ya hafla kulikuwa na chakula. Mkuu wa Chuo alimshika Bi Itifaki mkono kwa mikono yake yote miwili, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu wa ngazi yake, akasema ameokoa siku. Mkurugenzi alimletea sahani mwenyewe. Alimweleza kwamba ule upungaji wa vitambaa umewagusa sana wageni na kuanzia sasa utaingizwa kwenye ratiba ya kila hafla, na kwamba wageni wameiulizia sauti yake. Bi Itifaki alishika sahani hiyo mpaka watu walipoondoka. Alichokuwa akikitafuta ni mtu mmoja tu wa kushtuka pamoja naye. Wapishi walikuwa wakikunja vitambaa vya meza. Wanafunzi walikuwa wakirudisha viti.

Wiki ile Mzee Saruji alipiga simu kuulizia kama mtoto hajambo. Alisema amesikia kulikuwa na msukosuko kidogo. Alituma kalenda ya duka lake.

Ijumaa Bi Itifaki alikwenda bwenini na mfuko wa chakula, akasimama kwenye nyasi. Mfamasia aliteremka kumpokea. Alikuwa amepangiwa ghorofa ya nne pamoja na wenzake, zawadi ya kupunga vizuri, na alieleza kwa furaha kwamba kutoka huko mtu anaona mpaka barabara kuu, na kwamba shangazi lazima aje akaone, hata kama ni kwa kupumzika kila ghorofa. Bi Itifaki alisema atakuja. Msichana akachezea kishikio cha mfuko.

"Shangazi, siku ile niliogopa kweli. Nikasikia mguu unaondoka."

"Niliona, mwanangu."

"Nikakutazama wewe. Nikasema, isingekuwa kweli, shangazi angeniambia."

Upande wa juu kulikuwa na kitanda, na kwenye kitanda mtu aliyelala, na juu ya hicho kulikuwa na kingine. Walikuwa wamesimama chini wote wawili, kwenye udongo mgumu, wakitazamana. Bi Itifaki alimrekebisha kola ya blauzi, ambayo ilikuwa imekaa sawa.

"Kakile kabla hakijapoa," alisema.

Mfamasia akamshukuru, akauchukua mfuko, akapanda akiruka ngazi mbili mbili.